Gemu nne za 2025 na adha ya njia

Mara ya kumi na nne nilipokufa mbele ya Last Judge, bosi (adui mkubwa) wa gemu ya Hollow Knight: Silksong, niliweka pedi mezani nikaenda kuosha vyombo. Kufa nimekuzoea. Ile Hollow Knight ya kwanza ya 2017 niliimaliza mara mbili, na huwezi kuipenda kama unaogopa kufa. Kilichonitoa kwenye kiti safari hii ni njia ya kurudi. Kati ya benchi unapofufukia na mlango wa yule bosi kuna miamba inayopigwa na upepo wa mchanga, wadudu warukao wenye pua kama keekee, na miruko ambayo ukikosea mmoja umerudi chini. Unapanda weee, unapigana sekunde ishirini, unakufa, unapanda tena.

Hollow Knight: Silksong ilitangazwa 2019 na watu wachache wa Team Cherry kule Adelaide, Australia. Tukasubiri hadi kusubiri kwenyewe kukawa utani. Ilipotoka tarehe 4 Septemba 2025 kwa dola 20, Steam na maduka mengine ya mtandaoni yalielemewa na wanunuzi. Kwa bei hiyo sina la kusema: ufalme wa Pharloom ni mkubwa, umechorwa kwa mkono, na Hornet, mhusika unayemwongoza, ana wepesi unaokufanya uruke hata pasipo na sababu.

Lakini mashabiki wenzangu wana jibu moja kwa kila lalamiko: jifunze kucheza. Sawa, najifunza. Ila somo liko ndani ya chumba cha bosi, ninapomtazama anavyoinua mkono kabla ya kupiga. Nikishapita ile miamba mara tatu, ya nne hainifundishi kitu, inanila muda tu. Siku chache baada ya gemu kutoka, watengenezaji wakapunguza makali ya mabosi wawili watatu wa mwanzo. Wamekuna pasipowasha. Bosi mwache alivyo, mimi nisogezee benchi.

Ajabu ni kwamba watu hao hao wanajua sana kuchezea njia. Kwenye eneo la Hunter's March unafika umechoka, uhai umebaki wa kuhesabu, unaona benchi. Unakaa. Benchi ni mtego! Nilicheka peke yangu saa sita usiku. Hapo safari imekuwa na maana, kwa sababu mtu alikaa akafikiria nitakavyofika pale na hali nitakayokuwa nayo.

Ndicho nilichokikosa kwenye Mario Kart World, gemu ya mbio za magari iliyotoka Juni pamoja na Switch 2, mashine mpya ya Nintendo, nayo bei yake ni dola 80. Nintendo waliunganisha viwanja vyote kwa barabara, halafu wakaamua kuwa barabara zenyewe ndizo mashindano. Kwenye mashindano yanayoitwa Grand Prix sehemu kubwa ya mbio unaimaliza njiani, ukifika uwanjani kwenyewe unapewa mzunguko mmoja, kwaheri. Na barabara nyingi zimenyooka tu, pana, zimejaa malori. Wachezaji wa mtandaoni wakagundua kwamba wakichagua kiwanja cha bahati nasibu wanapata mizunguko mitatu ya kweli, wakawa wanachagua hicho kila mara. Mwezi huo huo wa Juni likaja sasisho la kuwazibia mwanya huo. Mtu amelipa dola 80, anakuonyesha kwa vitendo anachokipenda, wewe unamfungia mlango!

Nikiri upande wa pili: aina ya mbio inayoitwa Knockout Tour ni tamu. Mnaanza 24, kila kituo wanne wa mwisho wanatolewa, mpaka wanabaki wanne. Barabara ni zile zile, ila sasa kila kona ina roho ya mtu. Kumbe lami haikuwa na kosa.

Monster Hunter Wilds, gemu ya kuwinda majitu, wao waliondoa njia kabisa. Unapanda Seikret, mnyama wako wa kupanda, unabonyeza, mnyama anakupeleka mwenyewe hadi kwa windo huku ukinoa panga. Mwanzoni nilishukuru. Baada ya saa kumi nikagundua sijui hata jangwa lile linavyokaa. Limekuwa pazia la nyuma ya jukwaa. Capcom, waliyoitengeneza, waliuza nakala zaidi ya milioni nane ndani ya siku tatu, kisha wenye kompyuta wakaanza kulia kwamba gemu inakwamakwama hata kwenye mashine nzito. Hilo limesemwa vya kutosha.

Iliyonituliza ni Clair Obscur: Expedition 33 ya Sandfall, kampuni changa ya Montpellier, Ufaransa, iliyobeba tuzo ya gemu ya mwaka kwenye The Game Awards mwezi Desemba. Kila mwaka Paintress, kiumbe mchoraji anayeogopwa, anaandika namba, na wote waliofikia umri huo wanapeperuka kama maua. Safari yote ni mwendo wa watu waliobakiwa na mwaka mmoja, kwa hiyo hata kimya cha njiani kina uzito. Ndani ya mapango hakuna ramani; nilipotea, nikaikuta maiti ya msafiri wa miaka ya nyuma na shajara yake, nikasimama kuisoma. Kupotea huko sikukuonea uchungu. (Ile michezo ya kurukaruka kwenye fukwe za Gestral, viumbe wa gemu hiyo, hapana. Aliyeiweka anijibu siku moja.)

Last Judge nilimshinda Jumapili iliyofuata. Akifa analipuka, na mlipuko ule unaua; mpwa wangu alishanionya, nikakimbilia kona ya mbali nikajibanza. Sasa Team Cherry wametangaza nyongeza ya bure, Sea of Sorrow, ya mwaka 2026. Nitaicheza siku hiyo hiyo, hata kama ni ngumu mara mbili ya hii. Benchi tu, ndugu zangu, wekeni karibu na mlango.