Lumbesa na kilemba chake

Mwulize mtu wa sokoni lumbesa ni nini, atakujibu kwa mikono: kwanza ataitanua, kisha ataipandisha juu ya kichwa chake. Gunia limejaa hadi mdomoni, halafu juu yake pameshonewa wavu au kipande cha gunia jingine, vikashindiliwa viazi tena, kamba ikapita huku na huku mpaka likasimama kama mtu aliyepiga kilemba. Wenzetu wa Kenya nao walikiona kilemba hichohicho, wakaliita mukurino, kwa kuwakumbuka waumini wa Akorino wanaovaa vilemba.

Mjomba wangu analima viazi kwenye milima ya Uporoto, Mbeya. Siku ya kwanza kumsaidia kuuza nilishindwa kunyamaza.

"Mjomba, hili si gunia moja."

"Ndilo moja hilo, mwanangu. Madalali wanahesabu mafundo, hawahesabu viazi."

Sheria ya Vipimo ipo, na kikomo cha kilo 100 kwa gunia kinajulikana. Lakini nauli ya lori hutozwa kwa gunia, ushuru wa halmashauri mara nyingi kwa gunia, na mbebaji mjini hulipwa kwa gunia. Kila anayepunguza idadi ya mafundo anaokoa fedha njia nzima, isipokuwa aliyechimba viazi na mwenye mgongo wa kuvishusha. (Shirika la Kazi Duniani lilipendekeza mwaka 1967 kwamba mwanamume asibebeshwe zaidi ya kilo 55. Nenda kalisome pendekezo hilo kwa sauti mbele ya lori la viazi.)

Mimi linaloniudhi zaidi ni neno lenyewe. Tunasema "amefunga lumbesa" kwa utulivu uleule wa kusema amefunga mkanda. Hakuna aliyeibiwa humo, kuna ufundi wa kushona tu. Na mitaani neno limegeuka kuwa sifa kabisa: sahani ya wali iliyojaa hadi inamwagika, lumbesa, daladala ya saa kumi na mbili jioni, lumbesa. Kwa mama ntilie sina ugomvi. Yule kaongeza kwa mkono wake, chakula ni chake.

Wazee wa pwani walikuwa makini kutushinda. Walikuwa na kibaba cha mfuto, kilichosawazishwa juu, na kibaba cha tele, kilichoachwa na kichuguu chake. Maneno mawili, vipimo viwili, na watu wakipatana kabla nafaka haijamwagwa. Lumbesa ni tele inayolipwa bei ya mfuto, na sisi hatuna neno la kumwambia dalali hivyo usoni. Tukisema "wizi" tunaonekana tumetukana. Tukisema "lumbesa" tunaonekana tumekubali.

Mwaka jana nilimpelekea mjomba mizani ya kuning'iniza. Dalali aliitazama, akacheka, akavuka mtaro kwenda shamba la jirani. Wiki ya pili mvua ilianza, viazi bado vimerundikwa chini ya turubai, na mjomba akampigia simu mwenyewe. Walifunga lumbesa kutwa nzima.

Mizani ipo. Siku hizi inapimia watoto wa nguruwe.