Kupandisha toleo mfumo ukiwa hewani: matoleo mawili yakutanie wapi?

Kila mwenye simu Afrika Mashariki ameshaupokea ujumbe huu, kwa maneno haya au yanayofanana nayo: "Ndugu mteja, huduma zetu hazitapatikana kuanzia saa sita usiku hadi saa kumi alfajiri ili kupisha maboresho ya mfumo. Samahani kwa usumbufu." Nyuma ya ujumbe huo kuna uamuzi wa kihandisi ambao mteja haulizwi, nao ni kwamba programu mpya itasakinishwa kwa kuuzima mfumo, kubadilisha kilichomo na kuuwasha tena, kwa dhana kwamba saa hizo watu wamelala. Dhana hiyo ina walakini. Wachuuzi wanaonunua mboga soko la Wakulima jijini Nairobi kabla ya kucha hawajalala, wala dereva wa lori aliye kwenye foleni ya Tunduma, wala muuguzi wa zamu anayetaka kumnunulia mgonjwa dawa kwa pesa iliyo kwenye simu. Hesabu yake nayo si ndogo: saa nne kila mwezi ni saa 48 kwa mwaka, kwa hiyo mfumo hauwezi kupatikana kwa zaidi ya asilimia 99.45 ya muda wote, hata kama hakuna hitilafu nyingine yoyote iliyotokea.

Wahandisi wa mitambo ya simu waliukataa mpango huo zamani. Kipimo chao ni kile cha tisa tano, asilimia 99.999, ambacho kinaacha dakika tano na robo tu za kukosekana huduma kwa mwaka mzima. Ndiyo sababu Joe Armstrong, Robert Virding na Mike Williams, walipoanza kuiunda lugha ya Erlang katika maabara ya kampuni ya Ericsson nchini Sweden katikati ya miaka ya 1980, waliweka ndani yake uwezo wa kubadilisha msimbo, yaani maandishi ya programu, bila kuuzima mtambo. Lugha hiyo ilifunguliwa kwa umma mwaka 1998, na zana zake za kusimamia matoleo bado ndizo mfano kamili zaidi wa wazo hili ninaoufahamu. Tuutazame kwa karibu, maana ubishi wote kuhusu kupandisha toleo mfumo ukiwa hewani unakaa ndani yake.

Katika Erlang, moduli moja, yaani kipande kimoja cha programu, inaweza kuwa na sura mbili kwenye kumbukumbu kwa wakati mmoja, ya sasa na ya zamani. Mchakato, yaani shughuli moja inayoendelea ndani ya mfumo, uliokuwa ukiendesha sura ya zamani huendelea nayo hadi utakapoita kazi (agizo lenye jina ndani ya moduli) kwa jina lake kamili, na hapo ndipo unapohamia kwenye mpya. Sura ya tatu haina nafasi: ikipakiwa, ile kongwe hufutwa, na mchakato wowote uliokuwa umejibanza humo huuawa. Sasa chukua mchakato unaoshikilia taarifa za mteja mmoja, namba ya simu na salio lake, na toleo jipya linalotaka pia aina ya sarafu. Msimamizi wa matoleo huusimamisha mchakato huo, ujumbe unaoingia ukawa unasubiri kwenye foleni yake. Hupakia moduli mpya. Huita kazi maalumu inayopokea taarifa zenye vipande viwili na kurudisha zenye vitatu, sarafu ikijazwa kuwa shilingi. Kisha huuruhusu mchakato uendelee. Mteja aliyetuma ombi katikati ya zoezi haoni chochote zaidi ya kuchelewa kidogo.

Faida ya mpango huu haiko kwenye kukwepa kuwasha upya peke yake. Mfumo unaoshikilia miunganisho mingi hauzimwi bila gharama hata kama unawaka tena kwa sekunde kumi. WhatsApp, ambayo seva zake zimeandikwa kwa Erlang, ilitangaza mwanzoni mwa mwaka 2012 kwamba seva yake moja imebeba miunganisho zaidi ya milioni mbili kwa mpigo. Ukiikata yote, simu zote hizo zitarudi kubisha hodi kwa wakati mmoja, kila moja ikitaka kujitambulisha upya, na wimbi hilo la kurudi linaweza kuwa zito kuliko kazi ya siku ya kawaida. Kuna faida nyingine inayosahaulika, nayo ni ya usalama: mahali ambapo kusakinisha kunahitaji kibali cha kuzima huduma, kiraka cha tundu la usalama husubiri kibali hicho, na siku za kusubiri ni siku ambazo mlango uko wazi.

Gharama zake, hata hivyo, hulipwa na wale wanaoandika na kujaribu, na ni nzito kuliko wapenzi wa lugha hiyo wanavyopenda kukiri. Rudi kwenye mfano wa sarafu. Kupanda ni rahisi, kwa kuwa kila salio la zamani lilikuwa la shilingi. Kushuka je? Erlang inadai maelekezo ya kushuka yaandikwe pamoja na ya kupanda, na kwa mpangilio uliogeuzwa: taarifa hubadilishwa kwanza, ndipo msimbo wa zamani urudi, kwa sababu msimbo wa zamani haujui lolote kuhusu sarafu. Lakini mteja aliyekwisha kuweka dola 200 baada ya kupanda, akishushwa na kunyang'anywa kile kipande cha tatu, atakutwa ana shilingi 200. Hakuna zana itakayomwonya mwandishi. Lazima awe amefikiria mwenyewe, tena kabla.

Zidisha hilo kwa idadi ya moduli, na kwa idadi ya matoleo ambayo wateja wako wanaweza kuwa wanatokea. Mwongozo wa Erlang wenyewe unasema wazi kwamba mategemeo yaliyosukana au yanayozunguka kati ya moduli yanaweza kufanya iwe vigumu, au isiwezekane kabisa, kujua ni ipi itangulie, na unashauri mabadiliko yaende kwa hatua ndogo ndogo zinazoelewana na zilizopita. Kuna mitego mingine ambayo mgeni huigundua kwa kuumia: ukiongeza mtoto, yaani mchakato mpya, kwenye orodha ya michakato inayosimamiwa, orodha itasasishwa lakini mtoto hataanzishwa mpaka uelekeze hivyo. Na pale kinachobadilika ni mashine pepe yenyewe inayoendesha kila kitu, hadithi ya kutozima inaishia hapo, kwani ni lazima iwashwe upya na miunganisho yote ianguke. Viraka vya moja kwa moja vya kiini cha Linux, yaani sehemu ya msingi ya mfumo endeshi huo, vilivyoingizwa rasmi katika toleo la 4.0 mwaka 2015, vina mpaka unaofanana na huo: hubadilisha kazi moja moja vizuri, lakini vinapata shida pale umbo la data linapobadilika.

Si ajabu basi kwamba waundaji wa Elixir, lugha iliyojengwa juu ya mashine ileile ya Erlang, walipoleta zana yao ya kutengeneza matoleo mwaka 2019 katika toleo la 1.9, waliacha kusudi uwezo huu nje. Hoja yao ni kwamba timu nyingi zinaweza kutumia njia zisizotegemea lugha yoyote: kuwa na seva kadhaa, kuitoa moja kwenye zamu, kuisakinishia toleo jipya, kuiwasha, kuirudisha, kisha kwenda kwa inayofuata, huku kifaa kinachogawa mzigo kikiwaelekeza wateja kwa zile zilizo tayari. Seva inayowashwa upya ina sifa moja ambayo iliyopandishwa hewani mara arobaini haina, nayo ni kwamba hali yake inajulikana. Imeanza sifuri. Wenye mitambo wanazijua seva zilizokaa miaka bila kuzimwa, zikiwa fahari ya idara, hadi siku umeme ulipokatika na jenereta kugoma, ikaonekana kwamba hakuna aliyejua kama zinaweza kuwaka tena.

Ningeishia hapo na kuwapa ushindi watu wa zamu, yaani wanaosakinisha seva moja baada ya nyingine, lau si kwa mkasa wa Knight Capital, ambao kila anayesakinisha kwa zamu anapaswa kuujua. Kampuni hiyo ya Marekani iliyokuwa ikifanya biashara ya hisa ilikuwa na seva nane za kupeleka maagizo sokoni. Mwaka 2012 ilisakinisha programu mpya iliyotumia tena alama ya zamani ambayo hapo awali iliwasha kazi nyingine, kazi iliyokuwa imeachwa tangu 2003 lakini haikufutwa. Seva saba zilipata msimbo mpya, ya nane ikasahauliwa. Asubuhi ya tarehe 1 Agosti maagizo mapya yalipoifikia, iliisoma alama ile kwa maana yake ya kale na kuanza kufyatua maagizo bila kukoma. Ilikuwa imepokea maagizo 212. Katika dakika 45 ikazaa mauzo na manunuzi zaidi ya milioni nne, na hasara ya zaidi ya dola milioni 460.

Kinachonishughulisha zaidi ni walichofanya katikati ya dakika hizo. Katika kutapatapa kutafuta chanzo, waliuondoa msimbo mpya kwenye seva saba zilizokuwa zikifanya kazi sawasawa, wakairudishia kila moja ule wa zamani, na hapo zote nane zikawa na ugonjwa wa ile moja. Kurudi nyuma, ambako sote huambiwa ndiko usalama uliko, ndiko kulikouongeza moto.

Mkasa huo hauthibitishi kwamba njia ya zamu ni mbaya. Unachoonyesha ni kwamba njia ya zamu haikuepushi na kile kilichoifanya njia ya Erlang ionekane ya kutisha. Katika njia zote mbili kuna muda ambapo toleo la zamani na jipya yako hai pamoja na yanazungumza. Tofauti ni mahali yanapokutania. Kwa Erlang yanakutana ndani ya kumbukumbu ya mashine moja, na lugha inakulazimisha uandike jinsi yatakavyosalimiana. Kwa njia ya zamu yanakutana kwenye hifadhidata yanayoichangia, au kwenye ujumbe unaopita kati ya seva na seva, na hapo hakuna anayekulazimisha kuandika chochote. Yule mteja wa dola 200 bado yupo: nusu ya seva zako zinaisoma safu ya sarafu na nusu hazijui kama ipo. Dawa inajulikana, nayo ni kuongeza safu kwanza bila kuitegemea, kisha kuisambaza programu inayoiandika, kisha inayoisoma, na kufuta mabaki ya zamani katika toleo la baadaye kabisa, ingawa hatua hiyo ya mwisho ndiyo timu nyingi hazifiki. Knight nao hawakuifikia.

Kwa hiyo nisingeuliza kama mfumo ni muhimu kiasi gani, bali hali yake, yaani taarifa unazozishikilia wakati unafanya kazi, inakaa wapi. Fundi wa kalafati husubiri maji yapwe ndipo azibe mianya ya jahazi likiwa mchangani, lakini nahodha aliye katikati ya mkondo hana mchanga, anafua maji na kuziba hukohuko. Mtambo wa simu wenye mazungumzo yanayoendelea, au lango linaloshikilia miunganisho ya mamilioni ya vifaa, uko katikati ya mkondo, maana hali yake iko kwenye kumbukumbu na haiwezi kuhamishiwa jirani bila kukatika. Mfumo wa malipo ambao kila muamala huandikwa kwenye hifadhidata na kumalizika ndani ya sekunde chache hauko huko, hata kama ndio unaolisha nchi nzima, na kuupandisha toleo kwa mbinu za Erlang ni kujitwisha mzigo usio na malipo. Wala hauhitaji kuzimwa usiku kucha. Saa nne za kila mwezi, kwa mfumo wa namna hiyo, kwa maoni yangu ni dalili ya usanifu ambao haukuwahi kupangiwa zamu, isipokuwa pale hifadhidata yenyewe inapohamishwa.

Kuna kitu kimoja katika Erlang ambacho ningependa kila mtu akiibe, hata asiyetaka kugusa lugha yenyewe. Kusakinisha na kukubali ni vitendo viwili. Toleo likishasakinishwa huwa la sasa, linafanya kazi, lakini bado si la kudumu. Mfumo ukizimika kwa sababu yoyote kabla halijathibitishwa, utawaka na toleo la awali. Katika nchi ambazo umeme hukatika bila hodi, jambo hili lina uzito wake, kwa kuwa umeme ukikatika katikati ya zoezi haukuachi na mfumo nusu mpya nusu wa kale. Linageuka kuwa mtego, hata hivyo, kwa fundi anayepakia moduli moja moja kwa mkono ili kuzima moto wa siku, bila kutengeneza toleo wala kuandika popote. Kiraka chake kinaishi kwenye kumbukumbu tu, na siku mashine itakapowaka upya, pengine miezi minane baadaye naye akiwa amekwisha kuhama kazi, kosa lililosahauliwa litarudi likiwa zima.

Linalobaki kuamuliwa ni nani anatoa kibali cha kudumu, na saa ngapi. Desturi ni kwamba timu iliyokesha hujithibitishia kazi yake yenyewe saa kumi alfajiri, macho mekundu, mfumo ukiwa haujapokea hata sehemu ndogo ya mzigo wake wa kawaida, na kinachothibitishwa hapo ni kwamba mfumo umewaka. Ningeliacha toleo likiwa la sasa lisilo la kudumu hadi saa tatu asubuhi, masoko yakiwa yamefunguka na wimbi la kwanza la miamala limepita juu yake, na kibali akakitoe mtu aliyelala usiku huo.