Kijana amebainika ana usonji: abaki shuleni kwake au ahamishwe?

Usonji (kwa Kiingereza autism) ni tofauti ya ukuaji wa ubongo inayogusa namna mtu anavyowasiliana, anavyohusiana na wengine na anavyohisi mazingira. Mtoto akibainika kuwa nao akiwa na miaka 4, wazazi hupata muda wa kujifunza kabla shule haijaanza. Akibainika akiwa na miaka 14, shule imeshaanza zamani. Tayari wapo walimu wanaomwita mkaidi, wapo wenzake waliompa jina la utani, na mtihani wa kumaliza masomo unakaribia. Ripoti ya mtaalamu inaingia nyumbani, na mara familia inadaiwa jibu la swali ambalo hata walimu wanalibishania: abaki katika shule ya kawaida na apewe msaada humo humo, au ahamie shule au kitengo maalumu?

Kuchelewa huku kuna sababu. Daktari wa magonjwa ya akili, Leo Kanner, alipoandika kuhusu usonji mwaka 1943, alieleza watoto 11, na 8 kati yao walikuwa wavulana. Kwa miaka mingi watu walibaki na picha ya mvulana mdogo asiyezungumza. Vijana wenye maneno mengi na alama nzuri, hasa wasichana, walipita bila kuonekana kwa sababu walijifunza kuiga: kumtazama mtu machoni hata kama kunawaumiza, kucheka wengine wanapocheka. Shule ya msingi inaweza kuvumilika hivyo, maana mwalimu ni mmoja au wawili na chumba ni kile kile. Sekondari huja na walimu kumi, kila mmoja na desturi zake, na urafiki wa kuzungumza kwa mafumbo. Nyumbani watu huuliza, “Mbona zamani alikuwa hana neno?” Alikuwa anajikaza.

Wanaotaka abaki wana hoja nzito. Tamko la Salamanca la mwaka 1994, tamko la kimataifa kuhusu elimu ya wenye mahitaji maalumu lililopitishwa na wajumbe wa serikali 92 huko Hispania, liliitaka shule ya kawaida impokee kila mtoto. Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa Haki za Watu Wenye Ulemavu, wa mwaka 2006, unazungumzia elimu katika ibara ya 24 na kudai mwanafunzi afanyiwe marekebisho yanayomfaa. Kwa hiyo mzazi anayekwenda kuomba msaada haendi kuomba hisani. Halafu kuna masomo yenyewe. Kijana anayependa fizikia anaweza kuhamishiwa mahali penye utulivu mwingi ambapo hakuna wa kumfundisha fizikia.

Tena marekebisho mengi hayana gharama: maelekezo yaandikwe, ratiba ikibadilika aambiwe mapema, akae mbali na mlango unaopigwa pigwa, aruhusiwe kutoka dakika tano bila kujieleza mbele ya darasa, mtihani aufanyie katika chumba kitulivu na muda wa ziada. Hata lugha ya mwalimu ni sehemu ya msaada. Akiuliza, “Unaweza kufungua ukurasa wa 40?” kijana akajibu “Naweza” bila kufungua, huenda hakuna dharau hapo hata kidogo. Amejibu swali aliloulizwa.

Lakini haki iliyo kwenye karatasi haimlindi mtu wakati wa mapumziko. Tafiti zimeonyesha tena na tena kwamba wanafunzi wenye usonji huonewa kuliko wenzao, na uonevu hupenda mahali asipokuwepo mwalimu: korido, chooni, njia ya kurudi nyumbani. Kijana hujizuia kutwa nzima, akifika nyumbani analipuka. Mama anasimulia, shule inajibu, “Hapa hana shida yoyote.” Kila upande unadhani mwenzake anatia chumvi, kumbe wote wanasema kweli. Kwa kijana ambaye halali tena usiku na kila asubuhi anagoma kuvaa sare, darasa dogo lenye mwalimu anayeujua usonji linaweza kuwa ndilo litakalomrudisha kwenye kusoma. Na mtafiti Damian Milton, ambaye mwenyewe ana usonji, alieleza mwaka 2012 kwamba kutoelewana kati ya watu wenye usonji na wasio nao ni kwa pande zote mbili. Huenda kijana aliyeonekana hawezi urafiki hajawahi tu kukaa na watu wa aina yake.

Wengi hutafuta njia ya katikati: mwalimu msaidizi wa kukaa naye. Hapa ningesita. Mtu mzima anayekaa ubavuni mwa kijana wa miaka 15 kutwa huwafukuza waonevu, na marafiki pia. Msaidizi aombwe kwa vipindi vinavyomlemea kijana, kisha asogee.

Linabaki suala la kuwaambia wanafunzi wenzake. Ndugu huja na methali, mficha maradhi kifo humuumbua. Usonji si maradhi, na habari hii ni ya kijana mwenyewe. Walimu wanaomfundisha lazima wajue, la sivyo msaada hautakuwepo. Darasa litajua akitaka lijue.

Mimi naegemea upande wa kubaki, kwa sharti kwamba shule iandike itafanya nini, nani atafanya, na lini watakutana kupima. Shule inayosema tu “tutamwangalia” haijaahidi kitu. Muhula ukiisha na kijana bado anaonewa au bado halali, ahamishwe bila aibu, na mlango wa kurudi uachwe wazi. Kabla ya kikao, mzazi aketi naye na ratiba ya wiki, waweke alama kwenye saa zinazomuumiza. Mara nyingi itaonekana hisabati haina tatizo, balaa ni foleni ya chakula na kazi za vikundi. Saa hizo ndizo za kupeleka mezani kwa mkuu wa shule. Kijana awepo. Asipoweza kusema mbele ya watu wazima sita, aandike usiku wa kuamkia kikao, na karatasi yake isomwe kabla ya ripoti ya mtaalamu.