Mpeni mtoto nafasi ya kukataa

Alhamisi iliyopita nililetewa fomu ya vifaa saidizi vya wanafunzi wenye ulemavu nijaze. Safu zake ni zile zile za kila mwaka: aina ya kifaa, idadi iliyopokelewa, idadi iliyogawiwa, sahihi ya mkuu wa shule, muhuri. Nikachukua ufunguo wa stoo nikaenda kuhesabu. Nyuma ya viti vilivyovunjika na maboksi ya chaki nikaikuta mashine ya kukuzia maandishi, ile yenye skrini kubwa na kamera inayotazama kitabu kutoka juu. Nailoni ya kukinga skrini haijabanduliwa. Waya wa umeme bado umekunjwa na kufungwa vile vile ulivyotoka kiwandani.

Kwenye fomu, mashine hiyo inahesabika kuwa imegawiwa. Na kweli iligawiwa, nilikuwepo. Aliyepewa ni binti mwenye ualbino, wakati huo yuko kidato cha kwanza. Sasa yuko cha pili, na saa ile ile niliyokuwa nimesimama stoo yeye alikuwa darasani. Kwa mwaka mzima baada ya kukabidhiwa mashine hiyo, binti huyu aliendelea kunakili masomo kutoka kwenye daftari la mwenzake wakati wa mapumziko, kwa sababu ubao hauoni.

Nilikaa juu ya kiti kibovu mle ndani nikashindwa kuandika namba. Nimeona niyaandike hapa.

Siku ya makabidhiano ilifungwa turubai, wazazi wakaitwa, picha zikapigwa. Mgeni rasmi akamwinamia binti akamwuliza, "Umefurahi, mwanangu?" Akajibu, "Ndiyo, nashukuru sana." Nataka tuulizane sisi tuliolelewa huku: ni mtoto gani wa miaka kumi na minne, mbele ya wageni, mama yake ameketi mstari wa mbele na kitenge kipya, angesema "Hapana, hakinifai"? Zawadi hupokewa kwa mikono miwili. Tumewafundisha wenyewe. Shukrani ya yule binti ilikuwa ya dhati kabisa, lakini haikuwa jibu la swali la kama kifaa kinamfaa, na swali hilo hakuna aliyemwuliza. Hata mimi, mwalimu wake wa kitengo cha elimu maalumu, sikumwuliza. Hilo linaniuma kuliko nailoni.

Tungemwuliza angetuambia kwamba maandishi ya kitabu anayaona. Watu wengi wenye ualbino husoma maandishi ya kawaida kwa kukisogeza kitabu karibu kabisa na uso, na wala hilo haliwaharibu macho, jamani, waacheni wasogeze. Shida yake ilikuwa ubao. Mashine inatazama meza. Tena ni nzito, inataka umeme, kwa hiyo iliwekwa chumba cha kitengo, wakati yeye anasoma darasa lenye wenzake zaidi ya sitini upande wa pili wa uwanja, na soketi ya darasa hilo ilikufa zamani.

Mwaka huu tulianza upya, safari hii kwa majaribio.

Cha kwanza hakikuwa kifaa. Tulimpeleka hospitali akapimwe miwani. Alikuwa amekabidhiwa mashine ya fedha nyingi bila mtu kumpima miwani. Akapewa yake, na ubao ukasogea kidogo, si sana.

Kisha wiki nzima sikumpa chochote. Nilikaa nyuma ya darasa nikimtazama tu. Macho yake huchezacheza yenyewe, kama ya wengi wenye ualbino, lakini kuna pembe moja ambayo yakitazama huko yanatulia. Ndiyo maana hugeuza uso kushoto na kutazama kwa upande wa kulia. Walimu wawili, kwa nia njema tu, walikuwa wakimwambia kila kipindi, "Nyoosha shingo, tazama mbele." Walikuwa wanamwondoa kwenye pembe pekee ambayo macho yake yanatulia. Tukamhamishia upande wa kushoto wa darasa ili ubao uwe kulia kwake. Upande huo ndiko kwenye madirisha, na mwanga mkali unamchoma, basi mama yake akaleta kitenge tukakifanya pazia. Hayo yote ni kabla ya kugusa kifaa hata kimoja.

Baada ya hapo ndipo tukaanza kujaribu, kimoja kimoja, wiki mbili kila kimoja, darasani kwake, na masomo yake mwenyewe. Nilimpa daftari dogo nikamwambia: kila jioni andika umenakili mistari mingapi, kichwa kimeuma au la, na neno moja la kwako. Nikamwambia pia kwamba akiandika "sikitaki" sitakasirika, na nitakirudisha nilikokiazima. Ilibidi nimwambie mara tatu ndipo aamini.

Darubini ndogo ya mkononi, inayosogeza mara nane, ilishindwa siku ya kwanza. Kwa macho yanayocheza, kinachokuzwa sana hutikisika sana, na eneo unaloliona linakuwa dogo mno hata hujui uko mstari gani. Ya mara nne ikatulia. Lakini wiki yake ya kwanza daftari lilikuwa tupu. Nikadhani haimfai, nikawa tayari kuirudisha. Kumbe alikuwa anaificha kwenye begi kwa sababu wenzake walicheka. Nilimwuliza anataka tufanyeje, akafikiri, akasema, "Mwalimu, waipitishe wote waione." Kipindi kizima cha uraia kiliishia hapo, darubini inapita dawati hadi dawati, kila mtu anachungulia mti wa uwanjani. Kesho yake aliitumia mbele ya watu. Laiti ningekuwa nimekabidhi na kuondoka, darubini ile nayo ingekuwa stoo leo.

Kishikwambi changu, kile cha sensa ya 2022 tulichogawiwa walimu, tulikijaribu kwa kupiga picha ubao na kuikuza. Kwa michoro ya baiolojia kinafaa sana. Kwa maandishi marefu hakifai, chaji inakata, na Novemba ana upimaji wa kitaifa, ambako kishikwambi hakiingii. Hili wengi hawalifikirii. Baraza la Mitihani lina karatasi za maandishi makubwa na muda wa nyongeza kwa wenye uoni hafifu, hivyo mazoea ya mtoto yajengwe juu ya vile atakavyovikuta chumba cha mtihani. Tulimpa zoezi la saa mbili, la kuhesabiwa muda, kabla ya kuamua lolote.

Halafu kuna kioo cha kuba, kile cha mviringo kinacholala juu ya karatasi na kukusanya mwanga. Anakitumia kwenye atlasi na kwenye vile vinamba vidogo vya kemia, basi.

Na kilichomfaa kuliko vyote ni kibao cha mshazari. Fundi seremala wa mtaani alikipiga kwa mbao mbili na bawaba, kinaweka kitabu wima mbele ya uso. Maana mtoto huyu tangu darasa la kwanza alikuwa anainama mpaka pua iguse dawati, kutwa, na kila usiku mgongo na shingo vinamuuma. Alidhani ndivyo mwili wake ulivyo. Siku ya tatu ya kibao aliandika kwenye daftari neno moja: "Shingo." Nikamwuliza maana yake. Akasema, "Haijauma."

Nilisoma neno hilo nikatoka nje kidogo.

Sasa kuna watakaoniambia, kama nilivyoambiwa kwenye kikao kimoja, kwamba mchagua jembe si mkulima. Wanafunzi wetu wapokee kilichopo washukuru. Mimi ni mtoto wa mkulima na nimemwona baba yangu dukani. Alikuwa analinyanyua jembe, analipima uzito, anabisha bamba kwa kidole asikilize mlio, na mpini aliuchonga mwenyewe kwa kimo chake. Mama alikuwa na jembe lake, jepesi zaidi, na hakuna aliyemwita mchaguzi. Methali ile inamsema mvivu anayetafuta kisingizio. Kumtupia mtoto mwenye ulemavu anayetaka kusoma ni kumwonea. Iko nyingine inayofaa zaidi: kitanda usichokilalia hujui kunguni wake. Kinachoujua usiku wa kifaa ni mgongo wa mtoto, si ripoti ya mkutano.

Wala hili halikuanza kwetu. Mwaka 1993 watafiti wawili wa Marekani, Phillips na Zhao, waliwauliza watu wazima 227 wenye ulemavu kuhusu vifaa vyao, na wakakuta karibu theluthi, asilimia 29.3, vimeachwa kabisa. Miongoni mwa sababu kubwa ni kwamba maoni ya mtumiaji hayakuzingatiwa wakati wa kuchagua. Nchi yenye maduka, mafundi na bima, na bado. Sisi ambao kifaa kimoja tunakisubiri miaka, tukikikosea tumemkosesha mtoto shule nzima. Shirika la Afya Duniani na UNICEF waliandika mwaka 2022 kwamba kuna nchi ambako wanaopata vifaa saidizi wanavyovihitaji ni asilimia 3 tu. Kwa uhaba wa namna hiyo, kila kifaa kinacholala stoo ni deni.

Kwa ulemavu mwingine habari ni ile ile. Shime sikio, kile kifaa cha kusaidia kusikia, bila kurudi kupima kipande cha sikioni, mtoto akikua kinalegea, kinapiga mluzi, anakivua. Na betri zake za zinki ukishabandua kile kikaratasi zinaanza kuisha, uzitumie usizitumie. Kiti mwendo chenye vigurudumu vidogo mbele kinazama kwenye mchanga wa njia ya shule, ilhali wataalamu wa kuvipima wanafundishwa hapa hapa Moshi, pale TATCOT, chuo cha mafundi wa viungo bandia na vifaa saidizi. Kompyuta yenye NVDA, programu ya bure kabisa ya kusoma skrini, ikiachwa kwenye sauti ya Kiingereza itamsomea mtoto Kiswahili kisichoeleweka, naye atajiona mjinga.

Nakubali, kwa shingo upande, kwamba wafadhili wa mashine ile hawakuwa na nia mbaya, na kwamba fedha za mwaka lazima zitumike kabla mwaka haujafungwa. Nakubali pia kwamba wataalamu ni wachache na huwezi kumngoja mtaalamu kutoka mkoani kwa kila mtoto. Lakini majaribio yetu hayakungoja mtaalamu. Miwani ndiyo ilihitaji hospitali. Mengine yalihitaji daftari, mwalimu wa kukaa nyuma ya darasa wiki moja, na vifaa vya kuazima.

Kuazima ndiko kulikokuwa kugumu. Darubini mbili nilizipata kwa mwalimu mwenzangu wa mkoa mwingine, zikaja kwa basi zimefungwa kwenye soksi. Hiki ndicho ninachokiomba, na nakiomba kwa kumaanisha: kila halmashauri iwe na kasha la majaribio kwa Afisa Elimu Maalumu. Darubini za nguvu tatu tofauti, vioo vya kuba, kibao cha mshazari, fimbo nyeupe za urefu mbalimbali, kibao na kalamu ya nukta nundu, mashine moja ya Perkins ya kuandikia nukta nundu, kishikwambi chenye sauti ya Kiswahili. Kasha lizunguke shuleni, mtoto ajaribu, ndipo kinunuliwe kile alichokichagua. Bei ya mashine iliyoko stoo kwangu ingejaza kasha hilo na chenji ikabaki. Na kwenye fomu iongezwe safu: kinatumika? Safu moja tu, ngoja nimalize hasira, hata penseli ingetosha.

Mashine yenyewe siitupi. Kidato cha tatu tuna kijana aliyepoteza uoni wa katikati ya jicho. Huyu kusogeza kitabu hakumsaidii, na mashine hiyo inaweza kugeuza rangi, maandishi yakawa meupe juu ya weusi. Huenda ikamfaa. Nimeongea naye Ijumaa. Alisimama kwa adabu, mikono nyuma, akasema, "Ahsante sana mwalimu, nitaitumia." Nikamwambia akae kwanza. Nikampa daftari, nikamweleza kuhusu wiki mbili, na kuhusu neno "sikitaki". Alilitazama daftari muda mrefu, akauliza kama mkuu wa shule ataliona.

Nimemwambia hapana, ni letu wawili. Fundi umeme anakuja Jumamosi kutengeneza soketi ya darasa lao, tutaanza Jumatatu.