Tunapotuma lene Bukavu, tutume na etiketi yake

Sisi wa Bukavu, Kongo, tulio Ubelgiji tuna desturi moja. Mtu akienda likizo nyumbani, anajaza sanduku mabaki ya lene, yaani nyuzi za kufumia: peloti (vibonge vya uzi) nusu, vipande vilivyoviringishwa pamoja, rangi kumi na mbili, akriliki (uzi wa plastiki) na sufu na pamba vyote kifuko kimoja, etiketi zimeshatupwa. Tunaona tumewasaidia mama zetu. Mimi nasema mzigo wa namna hiyo unawapotezea muda, na nitaeleza kwa kutumia kazi moja ambayo huku imerudi kwa nguvu: kare (miraba) ndogo za uzi zinazofumwa kwenye fremu ya sentimita 10.

Fremu hizi si jambo jipya. Marekani ziliuzwa tangu miaka ya 1930 kwa jina la Weave-It, na leo inayojulikana sana ni Zoom Loom ya kampuni ya Schacht. Ni mraba unaoenea kiganjani, wenye pini pande zote nne. Kare moja inakula uzi wa mita 7 na kidogo. Mkono uliozoea unaimaliza kwa dakika 20 hivi, na ukiiacha katikati ukageuze sufuria, unaikuta kama ulivyoiacha. Haihitaji umeme wala cherehani.

Inavyofanya kazi ni hivi. Tabaka la kwanza unalizungusha kwa wima kwenye pini. La pili unalilaza juu yake kwa upana. La tatu linarudi wima, na nyuzi zake zinaingia katika nafasi zilizoachwa na la kwanza. Ukitazama hapo, nyuzi zile za upana zimeshapita juu ya mtande (uzi wa wima) mmoja na chini ya unaofuata, kwa hiyo nusu ya ufumaji imekwisha kabla hujashika sindano. Tabaka la nne ndilo la sindano ndefu: mistari 16, kila mmoja ukipita juu ya nyuzi za tabaka la tatu na chini ya zile za la kwanza. Uzi wa tabaka hili unaupima kwa kuuzungusha nje ya pini mara 4, ukaongeza shubiri moja, ndipo ukate. Ukikata mfupi utaishiwa kwenye mstari wa 14 au 15, na fundo la kuungia pale litaonekana daima.

Kosa la kwanza la kila mtu ni kukaza. Uzi kwenye pini unatakiwa ulale, usilie kama waya wa gitaa. Ukiukaza, mistari minne ya mwisho sindano haipiti, na kare ikitoka kwenye pini inajikunja na kuwa ndogo kuliko wenzake. Kosa la pili ni kuruka uzi mmoja. Geuza fremu uangalie mgongoni kabla ya kutoa: uzi ulioruka unaonekana umelala mrefu peke yake. Ukiuona wakati kare bado iko kwenye pini, kurekebisha ni dakika mbili.

Sasa linganisha. Huku Liège mtu ambaye hajawahi kushika sindano anaweza kupata kare nzuri siku ile ile ya kwanza. Bukavu, mama aliyetengeneza leyeti (nguo za watoto wachanga) miaka thelathini, anayejua triko (kufuma kwa sindano mbili) na koroshe tangu fwaye (kituo cha mafunzo ya wanawake), ambaye napu (vitambaa) zake za viti zinasimama kwa maji ya sukari au wanga wa muhogo kama zimechongwa, huyo anaweza kupata kare 60 zisizolingana hata mbili. Mtu akikwambia ni tofauti ya ufundi, usimwamini. Bukavu iko kwenye mita kama 1,500 juu ya usawa wa bahari, baridi ya asubuhi yake ndiyo iliyofundisha mikono ile kufuma, na mikono ile inatushinda sisi wa huku. Kinachotofautiana ni uzi, na hasa habari za uzi.

Peloti ya dukani huku ina etiketi. Inasema gramu 50, mita 125, imetengenezwa na nini, sindano namba ngapi, ifuliwe vipi. Inataja pia namba ya rangi na namba ya mchovyo, maana pipa moja la rangi halifanani kabisa na pipa jingine. Kwa karatasi ile ndogo unapiga hesabu kabla ya kuanza. Mita 125 zinatoa kare 17. Kare moja ina gramu 3 hivi. Blanketi la mtoto la kare 7 kwa 9 ni kare 63, karibu gramu 190, sema peloti 4, na ya tano kwa kuunganishia na kuzungushia ukingo. Mashine ndizo zilizoufanya uzi ufanane hivyo. Jirani yetu Verviers waliletewa mashine za kusokota sufu na William Cockerill mwaka 1799, na uzi wa aina moja tangu mwanzo hadi mwisho wa peloti ndiyo faida yake kubwa.

Lene inayofika Bukavu bila etiketi haina hata neno moja kati ya hayo. Mama anafuma kare 30 za buluu, peloti inaisha, anachukua buluu nyingine inayofanana ikiwa kivulini, na blanketi likitandikwa juani lina mstari katikati. Au nusu ya kare ni sufu na nusu ni akriliki. Anaunganisha zote, anafua kwa maji ya moto na kusugua kama inavyofuliwa shuka, na zile za sufu zinajishika na kupungua huku za akriliki zimebaki vilevile. Blanketi linakunjamana, na hapo hakuna dawa.

Uzi usio na karatasi unaweza kuhojiwa, na hili ningependa kila mtu alijue. Unene: zungushia uzi kwenye rula, mizunguko ikigusana bila kuvutwa, uhesabu katika sentimita 2.5. Mizunguko 11 hadi 15 inafaa kwa fremu hii. Chini ya 9 ni mnene mno, kare itakuwa ngumu kama kitambaa cha kushikia sufuria. Zaidi ya 18 ni mwembamba, fuma nyuzi mbili pamoja. Urefu: pima mita 10, uzipime uzito. Zikiwa gramu 4, basi gramu 50 zina mita 125. Bukavu haikosi mizani ya gramu, wanunuzi wa dhahabu wanaishi nayo mezani.

Aina ya uzi inajulikana kwa moto. Kata kipande cha sentimita 5, kishike kwa kibanio juu ya sahani ya bati, ukiwashe. Sufu inanuka nywele zilizoungua, inazimika yenyewe, na majivu yake yanavunjika vidoleni. Pamba inawaka kama karatasi na kuacha majivu laini ya kijivu. Akriliki inawaka upesi kwa moshi mweusi, inayeyuka, na inaacha punje nyeusi ngumu ikipoa. Usiiguse punje ile ikiwa moto, inang'ang'ania ngozi. Nyumbani tunakopikia mbabula (jiko la makaa), na mtoto amefunikwa mgongoni akiwa karibu na makaa, jambo hili ni zito. Cheche ikidondokea sufu inakufa hapo hapo. Ikidondokea akriliki inayeyusha.

Hata hivyo sisemi tutume sufu tupu. Akriliki inavumilia kufuliwa kwa mkono na kusuguliwa kwenye jiwe, na inakauka haraka, na Bukavu mvua ni kuanzia Septemba hadi Mei. Sufu ya kawaida inataka maji ya uvuguvugu, isisuguliwe, ikaushwe ikiwa imelazwa, kwa sababu ikining'inizwa imelowa inarefuka kwa uzito wa maji. Kuna sufu iliyotibiwa kiwandani isijishike, na etiketi inasema. Ndiyo bora kwa leyeti. Akriliki nayo ina adui wake, pasi ya makaa. Pasi ikiigusa mara moja, kare inalainika na kulala bapa, na haiinuki tena.

Wapo wanaosema kare ni michezo ya Wazungu waliostaafu. Waende Tervuren, kwenye makumbusho ya Afrika, watazame vitambaa vya rafia vya Wakuba wa Kasai. Uzi wa rafia hausokotwi ukaongezwa urefu, kwa hiyo kipande kinaishia pale jani linapoishia, na nguo kubwa inapatikana kwa kushona vipande pamoja. Wanaume wanafuma, wanawake wanatarizi. Pwani ya Kongo na Loango vipande vya rafia vilikuwa pesa, na neno mbongo la Kilingala lina asili hapo. Kivu si nchi ya rafia, lakini wazo la kutengeneza kidogo kidogo kisha kuunga hatukulipata Ulaya.

Wala hatuna haja ya kununua fremu huku na kuzituma. Seremala yeyote wa Kadutu anaweza kuitengeneza: misumari 64 myembamba isiyo na kichwa, 16 kila upande, umbali wa milimita 6, ikitokeza sentimita moja na nusu. Safu ya juu isogezwe milimita 3 kutoka safu ya chini, na ya kushoto vivyo hivyo na ya kulia, ili uzi upande na kushuka kwa nafasi sawa. Atoboe matundu membamba kwanza, kwani misumari iliyopangwa karibu hivi kwenye mstari mmoja inapasua mbao. Fremu hii ya misumari sawasawa haina ujanja wa matabaka matatu. Mtande unazungushwa wote, mara 32, na mshindio (nyuzi za upana) wote ni wa sindano, hivyo kazi ni mara mbili. Lakini kare inatoka ileile.

Na uzi? Nguo za chagua (mitumba) zimejaa masweta. Kabla ya kununua, geuza sweta utazame mshono wa ubavuni. Ukiona kingo zimefumwa zikakamilika, litafumuka uzi mrefu kutoka shingoni hadi chini. Ukiona limekatwa kwa mkasi na kushonwa suluja (mshono wa mashine unaofunga ukingo), liache, kila mstari utatoka kipande kisichotosha hata robo ya kare. Uzi uliofumuliwa unazungushwa mgongoni mwa kiti, unafungwa sehemu nne, unaloweshwa na kuning'inizwa na kijiwe chini hadi ukauke. Ukiufuma ungali na mawimbi, kare zitabadilika ukubwa zikifuliwa.

Kwa hali yoyote kare zifuliwe zote kabla ya kuunganishwa. Hakuna agizo linalopuuzwa zaidi ya hili, huku na kule. Baada ya kukauka zipange mezani, ziunge safu kwa safu kwa kupitisha uzi katika vitanzi vya kingo, kitanzi kwa kitanzi, bila kuvuta. Ncha ziache za sentimita 15, uzirudishe ndani kwa sindano sentimita 4, bila mafundo. Fundo linamkwaruza mtoto.

Kuhusu kuuza sokoni, kare 63 kwa dakika 20 ni saa 21, bila kuunganisha, na blanketi la chagua liko pale Nyawera kwa bei ndogo. Mama asishindane nalo. Afume kwa wa nyumbani, au kwa aliyeagiza na kutanguliza pesa.

Basi, ndugu zangu, wakati mwingine chambueni kabla ya kufunga sanduku. Uzi wa rangi moja usiofika gramu 50 ubaki huku. Kila aina iwe na mfuko wake, na kipande cha katoni kilichofungwa kwa uzi wenyewe, kwa sababu gundi ya utepe inaachia kwenye unyevu. Andikeni kwa kalamu isiyofutika na maji: akriliki tupu, gramu 200, mita 500, mchovyo mmoja, mizunguko 13 kwenye rula, isipigwe pasi, isikaribishwe mbabula.