Picha Namba 19

Ujaji wa picha za habari za mwezi hauna posho. Una soda moja, una andazi kama Katibu kaamka vizuri, na una maadui wa kudumu. Klabu yetu ya wapigapicha hapa Dar hukutana kila mwisho wa mwezi kwenye chumba cha kuazima kule Ilala. Wanachama wanatuma picha, majaji watatu tunazipanga, na kesho yake nusu ya wanachama hawaitikii salamu yako.

Utaratibu wenyewe si mgumu. Picha zinagawanywa makundi matatu: habari za papo kwa papo, michezo, na maisha ya kila siku. Majina yanafichwa, kila picha inabaki na namba yake tu. Raundi ya kwanza ni ya chapuchapu: picha inakaa ukutani sekunde chache, kila jaji anasema "ndani" au "nje" bila hotuba. Zilizopona ndizo zinazojadiliwa na kupewa alama. Kazi ipo kwenye kutolala. Aprili, masika yakishika, utaletewa Jangwani mpaka ukome: Jangwani imefurika, daladala imezama Jangwani, kijana wa Jangwani kambeba mgongoni mama mwenye mkoba mwekundu anamvusha kwa pesa, halafu kijana yuleyule na mama yuleyule na mkoba uleule kutoka kwa wapigapicha wanne waliosimama mstari mmoja. Hapo uamue nani alisogea hatua moja kushoto.

Wenzangu mezani walikuwa wawili. Wa kwanza tunamwita Mzee tu, maana amekula chumvi na alianza kazi enzi za filamu na chumba cha giza. Kwa Mzee, mpigapicha aliyewahi kuzaliwa Afrika Mashariki ni mmoja, Mohamed Amin, na hakuna kikao kinachokwisha bila kumpitia: kwamba kampuni yake ya picha, Camerapix, aliianzisha hapahapa Dar mwaka 1963 kabla ya kuhamia Nairobi, kwamba picha zake za njaa ya Ethiopia mwaka 1984 ziliiamsha dunia, kwamba mwaka 1991 ghala la silaha lililipuka Addis Ababa likamkata mkono naye akarudi kazini na mkono wa bandia. Ukimwambia Mzee picha yako imetikisika kidogo kwa sababu bodaboda ilikupiga kikumbo, anakutazama juu ya miwani na kukuuliza, "Wewe una mikono mingapi?"

Wa pili ni dada mmoja mhariri wa picha, kijana, mkali, anayejua kila kashfa ya kila mashindano duniani. Mzee anatafuta uzuri wa picha, yeye anatafuta uongo wake. Mimi nilikuwa pale katikati, kwa kuwa mtu wa tatu aliombwa akapata msiba wa ghafla.

Sheria ya klabu inasema picha zitumwe kwa barua pepe. Hakuna aliyewahi kuifuata. Watu wanatuma kwa WhatsApp, nayo WhatsApp inazikamua picha na kufuta taarifa zake zote, saa, tarehe, kamera, lenzi, kiasi kwamba mshindi lazima baadaye alete faili halisi ndipo apewe chake. Kwa kawaida zinaingia kwenye simu ya Katibu, lakini mwezi ule simu ya Katibu ilikuwa imetumbukia kwenye ndoo ya samaki pale Feri alipokuwa akipiga picha mnada. Ikatangazwa namba yangu.

Sasa, simu yangu haibagui. Kila picha inayoingia WhatsApp inakwenda kwenye albamu moja: kazi za mashindano, vipeperushi vya kikoba, keki za watu nisiowajua, pamoja na mzigo mzima wa grupu la ukweni. Siku ya kikao Katibu aliichukua simu, akachomeka waya wa projekta, akakusanya kila kilichoingia wiki ile na kukipachika namba. Nilikuwa nimekwenda kununua maji.

Dalili zilianza mapema, ila sikuzisoma. Namba 7 ilikuwa tangazo la kikoba. Mzee akasema, "Huyu naye kapiga picha karatasi. Nje." Namba 12 ilikuwa keki. Dada akasema labda ni makala ya biashara ndogondogo, tukabishana kidogo, ikatoka. Nikaona ajabu kiwango cha wanachama kilivyoshuka.

Ikaja namba 19.

Mwembe, mkeka. Juu ya mkeka jibaba limelala chali, kifua wazi, chini msuli wa miraba ya bluu. Uso umefunikwa na gazeti. Simu iko mkononi, imelegea, inataka kuanguka. Na juu ya tumbo, katikati kabisa, palipoinuka pakawa kilele, amekaa kuku mtetea, kajituna, anaitazama kamera kwa jicho moja kama mwenye nyumba aliyegongewa mlango usiku.

Msuli nikautambua kabla ya tumbo. Ndiyo msuli uleule ambao Jumapili iliyopita nilimgombeza mtoto kwa kuumwagia uji.

"Ndani," Mzee akasema, tena kwa sauti ya mtu aliyeshuka kwenye jua akakuta kivuli.

"Ndani," dada akasema.

"Nje!" mimi nikasema. Wote wakageuka, maana nilisema kwa nguvu kuliko ukubwa wa chumba. Wawili kwa mmoja, ikabaki ndani.

Nikavuta begi langu la kamera, nikalipakata. Lilinifika kifuani.

Kwenye raundi ya majadiliano Mzee alivua miwani, akaipangusa kwa ncha ya shati, akaivaa, akasogea mpaka kivuli cha kichwa chake kikaangukia kwenye mwembe. "Mnaona gazeti?" akauliza. "Raia kafunikwa na habari mpaka hapumui, na habari zenyewe hazimwamshi. Hii ni picha ya nchi."

"Na simu," dada akaongeza. "Yuko mtandaoni huku kalala."

"Huyu hana kazi," Mzee akaendelea. "Mtu mwenye kazi hakaliwi na kuku."

"Mzee, mbona tumbo si la mtu asiye na kazi?"

"Wali wa shughuli za watu huo."

Nikajaribu njia ya sheria. Nikasema picha haina maelezo, na picha ya habari isiyo na maelezo, yaani nani, wapi, lini, ni pambo la ukutani. Dada akaniunga mkono kwa moyo wote, nilitaka kumkumbatia. Akakumbusha kwamba mwaka 2015 waandaaji wa mashindano ya World Press Photo walimpokonya tuzo mpigapicha wa Kiitaliano kwa sababu picha moja aliyosema ni ya mji wa Charleroi kumbe ilipigwa Brussels. "Na nchi ni ileile moja, Ubelgiji," akasema. "Hii yetu hata mkoa hatuujui."

Mzee akajibu kwamba maelezo yanaweza kuombwa baadaye, lakini kuku wa namna ile haombwi.

Ndipo dada akahama, akaingia kwenye fani yake: je, picha haijapangwa? Akatueleza habari ya mashindano ya picha za wanyamapori kule London, mwaka 2017, ambako ilishinda picha ya usiku ya mnyama wa Brazil anayekula mchwa. Mwaka uliofuata ikafutwa baada ya wataalamu kuridhika kwamba mnyama yule alikuwa amekaushwa na kujazwa. "Kwa hiyo nauliza," akasema, "huyu kuku ni mzima?"

Katibu akavuta picha. Jicho la kuku likajaa ukuta mzima.

"Mzima," Mzee akahukumu. "Na ana hasira."

Katibu hana kura, lakini ana mdomo. "Mimi nauliza tu. Na yule mbwa mwitu wa Hispania, mshindi wa 2009, si walimfuta kwa sababu walisema ni wa kufugwa?"

"Ndiyo," dada akasema.

"Basi huyu kuku naye ni wa kufugwa."

Kimya kikapita. Nikainua mkono nikasema hoja ile ni nzito, tuiandike kwenye kumbukumbu za kikao. Mzee akamtazama Katibu muda mrefu, kisha akamwomba aendelee na projekta.

"Kama imepangwa, basi aliyelala ni mwigizaji mkubwa," dada akasema. "Hebu vuta hapo puani. Gazeti limepanda. Anakoroma huyu." Katibu akavuta. Picha za WhatsApp ukizivuta zinakuwa vigae, ila ukurasa wa mbele ulisomeka vya kutosha, pamoja na picha kubwa ya mkutano iliyokuwa juu yake. Mzee akaikazia macho. "Tazameni na hii. Upeo wa macho umekwenda upande, mgeni rasmi kakatwa sikio. Magazeti ya siku hizi yanalipa watu kwa kazi gani?"

Ile picha ya ukurasa wa mbele nilipiga mimi. Sikutia neno. Kuna wakati mtu anatukanwa mara mbili kwa mpigo mmoja na heshima pekee iliyobaki ni kunyamaza.

Tukatoa alama. Mzee 9. Dada 9. Mimi 2, na dada akaniambia kwa upole unaochoma, "Kaka yangu, naona una tatizo na watu wa hali ya chini." Hapo nilikuwa nimekwisha kupanga: nitajitolea kumtafuta mwenye picha, nitarudi na habari kwamba hapatikani, picha itaondolewa kwa kukosa faili halisi, na dunia itaendelea. Mpango ulikuwa mzuri tu. Nilichosahau ni kwamba simu iliyokuwa imeshikilia ile picha ukutani ilikuwa bado simu.

Ikalia *tling*. Juu ya mwembe, kwa herufi za ukubwa wa kiganja, ukashuka ujumbe. Mzee, ambaye husoma kila kitu kwa sauti, hata mabango ya dawa za kienyeji, akausoma neno kwa neno:

"Mama Watoto. Umejiona kwenye grupu? Mama anauliza yai uliliweka wapi."

Hakuna aliyecheka mwanzoni. Waliutazama ukuta, wakanitazama mimi, wakarudi ukutani.

"Yai," Mzee akasema.

"Kaka," dada akasema, "hebu weka begi chini."

Nikaliweka. Sikuwa na namna. Na hapohapo, huku watu watatu wakililinganisha tumbo langu na lile la ukutani, nikaelewa kwamba mtoto wangu hakumwaga uji.

Kuhusu kicheko kilichofuata sitasema mengi. Katibu aliishika projekta ili isianguke, Mzee akatoka nje kukohoa. Waliporudi katika hali ya kikao, dada akakumbusha kwa macho yenye machozi kwamba jaji mwenye uhusiano na picha hutoka nje inapojadiliwa. Nikatolewa. Nikakaa kwenye benchi la korido na soda yangu, nikisikiliza ukutani watu wakiomba nivutwe zaidi, kidogo kulia, hapo, hapo, rudisha. Kijana mmoja wa ofisi jirani akaniuliza kama nasubiri usaili.

Uamuzi ulisomwa na Katibu akiwa amesimama. Picha namba 19 haikuwasilishwa na mwanachama, kwa hiyo si ya mashindano. Jaji aliyetoa alama 2 hana kosa, kwa kuwa alikuwa usingizini. Kundi la maisha ya kila siku likaenda kwa fundi viatu wa Kariakoo, picha nzuri ya haki, na ninamwomba radhi yule fundi viatu kwamba hakuna aliyeikumbuka hata nusu saa baadaye. Halafu Mzee akanipa fomu ya uanachama iliyokunjwa mara nne. "Mpelekee mama watoto," akasema. "Ana jicho. Wewe mwenzako una lenzi tu."

Nilitaka fomu ile ipotee njiani. Mzee akapiga simu nyumbani kuhakikisha imefika. Mama mkwe, aliyekuja na yule mtetea kutoka Muheza ili aliwe Jumapili, akatangaza kwamba kuku haliwi tena. Mke wangu akalipa ada, na mwezi uliofuata akapeleka picha kwa barua pepe, faili halisi, saa na tarehe zake, sheria zote za klabu zimetimizwa, kitu ambacho mimi mwenyewe sijawahi kukifanya. Mimi nikaondolewa mezani. Barua ilisema jaji hawezi kuwa jaji akiwa pia ni tukio.

Siku ya matokeo nilikaa nyuma na wanachama wengine. Mzee akasimama, akasema kwamba kabla ya alama angependa kuwasomea vijana mfano wa maelezo ya picha yaliyokamilika, maana siku hizi watu hawajui kuandika. Akarekebisha miwani:

"Mpigapicha wa habari, aliyeaga familia yake kwamba asisumbuliwe kwa kuwa anachambua picha za mashindano, akizichambua nyumbani kwake Mbagala, Dar es Salaam, Jumamosi mchana. Kulia kwake ni chakula cha mchana alichosema hana muda wa kula. Kuku ni wa mama mkwe."

Amepata wa pili. Wa kwanza ni daladala iliyozama Jangwani, na mama mkwe mpaka leo anasema ameonewa, kwamba ningekuwa mwanamume kweli ningepigania nibaki mezani nikapige kura.