Badoglio na deni la Ethiopia

Watetezi wa Pietro Badoglio, jenerali wa Italia aliyeiteka Ethiopia mwaka 1936, huanzia mlima Sabotino, kwenye uwanja wa mapambano na Austria katika Vita vya Kwanza vya Dunia. Agosti 1916 Waitalia waliuteka mlima huo uliokuwa umewasumbua tangu mwaka uliotangulia, kwa mpango alioutayarisha yeye. Kazi ya vita aliijua, hilo tumpe.

Lakini Oktoba 24, 1917, Waaustria na Wajerumani walipovunja safu ya Waitalia huko Caporetto, walipenya kwenye eneo la kikosi chake, huku mizinga yake ikiwa kimya. Mkuu wa majeshi, Luigi Cadorna, aling'olewa. Badoglio alipandishwa cheo, akawa naibu wa mkuu mpya, Armando Diaz, na ripoti ya uchunguzi iliyowabana wakubwa wengine haikumgusa. Wanaomtetea hujibu kwamba kulisimamisha upya jeshi lililosambaratika, hadi likashinda mwaka 1918, ni kazi aliyoshiriki kikamilifu. Ni kweli, ingawa haielezi ile mizinga.

Afrika ndiko hesabu inakokuwa nzito. Alipokuwa gavana wa Libya, mwaka 1930, watu wapatao 100,000 wa Cyrenaica, mashariki mwa Libya, walihamishwa kwa nguvu na kufungiwa kwenye kambi za jangwani, na maelfu wakafia humo. Novemba 1935 alikabidhiwa vita vya Ethiopia baada ya kamanda aliyemtangulia, Emilio De Bono, kuonekana anajikokota. Ndege zake zilimwaga gesi ya haradali, ambayo ni gesi ya sumu, juu ya askari na raia, na Mei 5, 1936 akaingia Addis Ababa. Zawadi yake ikawa cheo cha kikabaila cha Duke wa Addis Ababa, kana kwamba mji ule ulikuwa shamba lake.

Utetezi wa kawaida ni kwamba alitii amri, na ni kweli dikteta wa Italia, Mussolini, aliidhinisha gesi hiyo kwa simu za maandishi. Ila Libya inauvunja utetezi huo. Juni 1930 Badoglio mwenyewe alimwandikia Jenerali Graziani, kamanda wake huko Cyrenaica, kwamba mpango wa kuwatenga raia na wapiganaji lazima uendelee, hata kama wakazi wote wa Cyrenaica wangeangamia. Hayo si maneno ya mtu anayesukumwa.

Upande wake una nguvu zaidi mwaka 1943. Mussolini alipoangushwa Julai 25, mfalme alimfanya waziri mkuu, na Septemba 3 mjumbe wake akasaini mkataba wa kusimamisha mapigano na Waingereza na Wamarekani huko Cassibile, Sisilia. Kuitoa Italia kwenye vita vya Hitler halikuwa jambo dogo, na kama angebaki Roma, Wajerumani wangemkamata. Hata hivyo, alikimbilia kusini alfajiri ya Septemba 9 bila kuwaachia askari amri inayoeleweka. Zaidi ya 600,000 waliishia kwenye kambi za Wajerumani.

Ajabu ni kwamba mkataba huo ndio uliomwokoa na kesi ya Ethiopia. Baada ya vita Ethiopia ilimtaja miongoni mwa watuhumiwa wa uhalifu wa kivita, lakini Waingereza hawakutaka kumtoa mtu aliyewahamia. Kwangu mimi hapo ndipo mizani inapolala: mema yake ya 1943 Waitalia na washirika wao waliyafaidi, kisha yakatumika kulipia deni ambalo wao hawakuwa na haki ya kulisamehe. Alifariki Novemba 1956 kijijini kwake katika mkoa wa Piemonte, bila kusimama mbele ya hakimu yeyote. Serikali ya Italia ilikuja kukiri rasmi matumizi ya gesi mwaka 1996.